Mgongo Wazi Si Mifupa

Manyatta, Kisumu

Mama yangu,

Nakusalimu kabla ya yote, na naomba barua hii ikukute umekaa, miwani iko usoni, na si Mjomba aliyeishika akikusomea. Isome mwenyewe kwanza. Ukimaliza mpe naye asome, maana jibu lake limo humu ndani.

Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma unaitumia, au umeiweka kabatini pamoja na zile nyingine? Na Nyanya macho yake yamefikia wapi, bado anawatambua watu kwa sauti ya viatu? Nimesikia huko mlimani mmepata mvua ya kutosha na kabeji zimefunga vizuri. Huku mvua huja alasiri na ngurumo zake, ikamwagika kama maji ya kufulia, halafu jua likarudi kama halijasikia lolote. Mimi ni mzima. Nimeongeza uzito, usiulize kiasi gani.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako siku hizi ni ya ukoo mzima. Unaweka spika, na kabla hujanijibu wewe wameshanijibu watu wanne. Mara ya mwisho nilipiga nikueleze jambo, nikaishia kuulizwa na Mjomba kama ile kazi ya Voi naitaka au siitaki. Nyuma yake nikamsikia Kaka Mwakio akisema, "Aache kucheza na kompyuta, umri unaenda." Wewe ukanyamaza. Kule kunyamaza kwako kuliniuma kuliko maneno yao. Basi leo nitasema mpaka mwisho, kwa kuwa karatasi haina spika.

Nilisema nitatoa jibu mwisho wa mwezi. Sikusema nilikuwa nangoja nini. Kulikuwa na tovuti yangu moja iliyofungwa, na nilikuwa nimeamua moyoni kwamba isipofunguka nafunga virago, nakuja Voi kukaa kwenye hicho kiti cha dukani alichonitafutia Mjomba niandike risiti za misumari na mabati. Wala sikuamua kwa hasira. Nilipiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kazi yangu haina mlango wala bango. Kila kazi niliyopata katika mji huu ilitoka mdomoni mwa mtu aliyeridhika. Mwenye saluni ya Migosi alinipeleka kwa mwenye gesti, wa gesti akanipeleka kwa mwalimu wa chekechea, mwalimu akanitaja kanisani, kanisani ndiko walikonisikia akina mama wa Obunga. Ukiufuata uzi huo kinyumenyume unakuta ulianza na mtu mmoja. Sasa ugeuze: mtu mmoja akisema huyu msichana ni tapeli, uzi haukatiki mahali pamoja, unafumuka wote. Na hawa wa Obunga, ambao tovuti iliyofungwa ni yao, hawakuwa mmoja. Walikuwa saba, tena wenye sauti.

Umewahi kuniuliza tovuti ni nini hasa, nikakujibu kwa haraka. Samahani. Fikiria kibanda. Mimi ndiye fundi wa kukijenga, kukipaka rangi na kupanga bidhaa mbele. Lakini kibanda lazima kisimame kwenye kiwanja, na kiwanja nakodi kwa kampuni moja huko Nairobi. Mwenye kiwanja akikasirika anatia kufuli, na mteja akifika anakuta maandishi tu: akaunti hii imesimamishwa. Ndivyo ilivyokuwa.

Kaka husema nacheza. Wateja nao husema, "Si ni kubonyeza tu?" Nimechoka kuyajibu yote mawili. Nilikuja huku kwa miezi mitatu, kupiga chapa dukani, mwenye duka akahamia Nakuru na mashine zake, nikabaki na kompyuta moja kuukuu aliyoona haifai kubebwa. Betri yake ilishakufa. Umeme ukikatika, nami nimekatika. Kujenga tovuti sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuzifumua kazi za wengine nione zimeshikanishwa vipi, kama wewe ulivyokuwa ukifumua sweta za Kaka ili unifumie ya kwangu.

Sasa akina mama wenyewe. Huku kuna samaki mkubwa anaitwa mbuta. Anavuliwa ziwani, anapelekwa kiwandani, minofu inakatwa, inalazwa kwenye barafu, inapanda ndege kwenda ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa, mkia na uti wa mgongo, na vinyama vilivyong'ang'ania. Hicho ndicho akina mama wa Obunga wanachonunua. Wanakianika juani, wanakikaanga katika karai pana mpaka kikivunjwa kinalia. Na kwa kuwa mgongo wake umevuliwa nguo, wanakiita mgongo wazi. Mji mzima unakijua kwa jina hilo, na mji mzima unakila, hata wale wanaojifanya hawapiti Obunga.

Nilipoelewa mara ya kwanza kitu hicho kinatoka wapi, nilikumbuka nyumbani. Minofu ilikwenda kwa Kaka: chuo, suti, picha ukutani. Mimi nikaambiwa ada imekwisha. Silaumu. Hapana, ngoja niseme ukweli, nalaumu, ila si kama zamani, kwa sababu nimewaona watu wakiishi vizuri kwa mgongo.

Nikuchekeshe kidogo. Wiki yangu ya kwanza katika mji huu nilikuwa napita Obunga nimevaa lile gauni lako la kijani, lile la zipu nyuma. Mama mmoja akaniita kwa sauti, "Dada, mgongo wazi." Nikashtuka, nikashika zipu, nikajifunika leso mgongoni hapo hapo. Akaita tena, "Dada, mgongo wazi, bado moto." Nikakimbia, Mama. Nilikimbia mpaka barabara ya lami. Mama huyo ndiye Mama Auma, mwenyekiti wa hao saba, na mpaka leo akitaka kuninyamazisha mbele za watu anaisimulia hiyo.

Walinitafuta kwa sababu ya dalali mmoja. Alikuja na simu nzuri, akayapiga picha makarai yao, akaziweka mtandaoni na namba yake mwenyewe, akawa anapokea oda za mahoteli kana kwamba ndiye anayeungua na mafuta. Wao wakabaki kuuziwa jasho lao. Mama Auma akaniambia, "Nyar Taita, tutafutie na sisi mahali petu. Mtu akitaka mgongo, akute sisi, asikute yeye." Nyar Taita ndilo jina langu huku. Maana yake kwa Kijaluo ni binti wa Taita, kwa kuwa Wakesho linawatoka Wakeso, na wao wenyewe wanalicheka.

Nilikaa nao kwenye ndoo iliyopinduliwa, kompyuta magotini, waya wa umeme umevutwa kutoka kibanda jirani, nikawauliza wanataka ukurasa useme nini.

"Andika vile tunasema," Mama Auma akaagiza. "Usituwekee kizungu."

"Sema tuko saba," akasema Mama Otieno. Huyu ndiye mwenye ulimi wa wembe.

"Sema tuna uzoefu," akasema mwingine.

"Na sema kuna wanene na wembamba. Wengine wanapenda mnene."

Niliandika yote kama walivyosema. Hata hilo neno "wanene" sikuligusa, kwa kuwa samaki ni wa ngeli ya a-wa, na mwalimu wangu wa Kiswahili angenipongeza. Ukurasa ukasomeka hivi, nakunakilia neno kwa neno:

"Mgongo Wazi Obunga. Akina mama saba, wote wazoefu. Moto moto kuanzia saa kumi jioni. Wanene kwa wembamba, saizi yako ipo. Njoo uchague kwa macho yako, au piga simu tukuletee ulipo, hata hotelini. Ukionja utarudi."

Nikawasomea. Wakapiga makofi.

Kisha picha. Picha moja ya simu ya Mama Auma ilikuwa na uzito wa megabaiti nne, nao walitaka kumi na mbili. Hizo ni arobaini na nane. Mteja mwenye bando la shilingi ishirini akiufungua ukurasa kama huo, bando limeliwa kabla yeye hajala samaki. Wenzangu wengi hawahesabu hivyo kwa sababu wanajenga wakiwa kwenye mtandao wa ofisi. Mimi najua bando linavyouma. Nikazipunguza zote mpaka kumi na mbili zikawa nyepesi kuliko moja ya mwanzo, na bado nikazificha: maneno yanafunguka kwanza, picha inakuja ukibonyeza palipoandikwa "Tazama". Nilijiona nimepiga hesabu ya akili sana.

Akina mama wakaita mchoraji. Akaupaka ukuta wa kibanda chao rangi nyeupe, akaandika anwani ya tovuti kwa herufi nyekundu, mtu aliye ng'ambo ya barabara anasoma. Rangi haijakauka sawasawa, tovuti ikafungwa.

Aliyeleta habari alikuwa kijana wa bodaboda. Alisimama na pikipiki yake pale pale kwenye karai.

"Mama Auma, nimebonyeza ile kitu ya ukuta. Wanasema umesimamishwa kazi."

"Nani ananisimamisha na mimi ndiye nimejiandika?"

"Muulize Nyar Taita."

Wote saba wakanigeukia. Nilikuwa nimekwenda kula tu, siku hiyo. Nikafungua simu, nikakuta kweli kufuli. Nikawaambia labda ni hitilafu, nitaifungua leo hii. Haikufunguka. Nilidhani nimevamiwa, nikakagua kila faili, nikabadilisha kila nywila, nikaandikia kampuni barua pepe mpaka vidole vikauma. Kimya. Na kila nikipita Obunga, Mama Otieno ananisalimu kwa wimbo mpya. "Nyar Taita, hiyo tovuti imelala njaa?" Au anawageukia wenzake, "Hawa watu wa kompyuta wanakuja na begi, wanaenda na begi." Mama Auma hakusema neno. Alinikatia samaki, akanipa, akageukia karai. Unaujua ule ukimya, Mama. Unafanana na wako.

Hata yule dalali alipita. Alisimama mbele ya ukuta akausoma polepole, kama mtu anayesoma tangazo la kifo cha adui yake.

Ndio wakati ule nilipokupigia ukaweka spika. Sasa unaelewa kwa nini nilijibu vibaya.

Hatimaye kampuni ikajibu. Barua yenyewe ilikuwa fupi, kwa Kiingereza kigumu. Nikaenda Obunga kuwatafsiria akina mama, maana nilikwishajiambia sitawaficha kitu.

"Wanasema tumevunja masharti. Wanasema tunatoa huduma za watu wazima."

Wakatazamana.

"Lakini hiyo si ni kweli?" akasema Mama Auma. "Mtoto mdogo huwezi mpatia hii. Mfupa itamkwama kwa koo."

"Waambie watoto tunauzia kichwa peke yake," akasema Mama Otieno.

Sikucheka, kwa kuwa hata mimi nilikuwa sijaelewa. Nikapiga namba yao ya huduma kwa wateja, nikangoja huku muziki ukilia na salio likiyeyuka, akapokea kijana aliyejitambulisha kama Dennis. Mpole sana. Nikamuuliza kosa letu ni nini. Akawa anazunguka. Sera za kampuni, maadili, familia. Nikamwambia, "Dennis, mimi ni fundi, si mteja wa kubembelezwa. Nisomee mstari wenye kosa."

Akakohoa. Akasoma.

Mama, maneno yale niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, na niliyasoma zaidi ya mara kumi. Lakini sikuwahi kuyasikia yakisomwa na mwanamume mgeni, kwa sauti ya chini ya aibu, aliye mbali na harufu ya samaki. Akina mama saba, wote wazoefu. Wanene kwa wembamba. Hata hotelini. Ukionja utarudi. Na katikati ya ukurasa, mahali palipoandikwa "Tazama", hakuna picha, kwa sababu mimi na hesabu zangu za bando tulizificha.

Uso ulinichoma. Neno "samaki" halikuwamo popote. Kwa nini liwemo? Huku nani anasema samaki wa mgongo wazi? Ni kama kuandika maji ya mvua yenye maji.

"Ni samaki," nikamwambia.

"Samaki?"

"Mgongo wazi ni samaki, Dennis."

"Dada, mimi nimezaliwa Nairobi. Sijawahi kusikia samaki anaitwa hivyo."

Sikuwa na haki ya kumcheka, mimi niliyekimbia mpaka lami nimeshika zipu. Akaniambia suluhisho ni rahisi, nibadilishe tu niandike "mifupa ya samaki", naye atafungua saa hiyo hiyo. Nikasema asante. Nikashusha pumzi. Herufi chache tu, kazi ya kufumba na kufumbua. Nikawaambia akina mama, tayari kidole kiko juu ya kompyuta.

"Mifupa?" akasema Mama Auma.

"Ni neno tu, Mama."

"Mifupa ni ya mbwa."

"Tukishafunguliwa tutaona la kufanya. Sasa hivi tunataka kufunguliwa."

"Nyar Taita, kaa chini." Nikakaa kwenye ndoo. Aliondoa karai motoni ndipo akazungumza, nikajua jambo ni zito, kwa sababu mafuta yakipoa ni hasara. "Bwana yangu alikufa akiniachia watoto wanne. Nimewasomesha na mgongo wazi. Sikuwasomesha na mifupa. Huyu wa mwisho yuko chuo, hapo Bondo. Wenzake wakimuuliza mama yako anauza nini, anasema mgongo wazi, na wao wanamwambia atuletee. Sasa unataka aseme mama yangu anauza mifupa?"

Nilikasirika, sikufichi. Nikawaambia wanachagua neno wakati nyumba inaungua. Nikawaambia jina langu ndilo linalochekwa barabarani, si lao. Mama Otieno akanijibu bila kunitazama, akipanga samaki wake: "Na wewe wakikuambia ubadilishe yako, utakubali? Wakisema wewe si fundi, wewe ni mtu wa kubonyeza?"

Alijuaje, Mama? Sijawahi kumwambia hayo ya nyumbani. Nilikaa pale na kidole changu. Nilikuwa naweza kuandika lile neno, wao wasingejua mpaka jioni. Kompyuta ilikuwa yangu, nywila zilikuwa zangu. Nikafikiria kiti cha Voi. Nikafikiria kwamba miaka yote nakasirika watu wanapoipa kazi yangu jina dogo, na sasa mimi ndiye nimeshika kalamu nataka kuipa jina dogo kazi ya mtu mwingine, ili tu mlango ufunguke.

Nikafunga kompyuta. Nikampigia Dennis tena kwa namba yake mwenyewe aliyoniachia, safari hii kwa video, nikampa simu Mama Auma.

"Habari yako, baba. Unaniona?"

"Nakuona, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa angalia." Alichukua koleo, akainua mgongo mmoja mrefu kutoka kwenye karai, mafuta yanachuruzika, akauweka karibu na simu mpaka nikaogopa itaungua. "Hii ni nini?"

"Ni... ni samaki, mama."

"Nyama yake iko wapi?"

"Sioni nyama."

"Nyama ilipanda ndege ikaenda. Hata mimi sijapanda ndege. Kilichobaki ni hii. Hapa ni wapi?"

"Hapo ni mgongo."

"Iko wazi ama haiko wazi?"

"Iko wazi, mama."

"Basi. Wewe umesema, si mimi."

Mama Otieno akachungulia nyuma ya bega lake. "Muulize kama ameoa. Mwambie aje achague saizi."

Hapo kibanda kizima kilianguka kwa kicheko, na Dennis pia, nikamsikia anawaita wenzake waje waone. Nyuso tatu zikajaa kwenye simu yangu. Mmoja wao, mama mtu mzima kidogo, akasema kwa kicheko, "Nyinyi watoto, mimi nimeolewa Ugenya, huko huko kwa Wajaluo, huyo ni mgongo wazi kabisa. Mngeniuliza." Kumbe ndiye mkubwa wao, na kumbe muda wote huo alikuwa meza ya tatu kutoka kwa Dennis.

Tovuti ilifunguka kabla sijamaliza kula. Jina lilibaki lile lile. Mimi kwa upande wangu niliongeza picha moja juu kabisa, nyepesi, ya karai, isiyohitaji kubonyezwa, na pale kwenye "wanene kwa wembamba" nikaongeza neno "samaki". Mama Auma aliliona. Akasema, "Hiyo sawa. Hiyo ni kwa watu wa Nairobi."

Yule kijana wa bodaboda ndiye aliyejaribu wa kwanza. Akausoma ukurasa wote kwa sauti akiwa juu ya pikipiki, wapita njia wakasimama. Kufikia jioni watu walikuwa wakija kuona hao wanene. Akina mama walimaliza samaki mapema, wakapindua makarai, wakakaa juu yake kama wenye nchi. Mama Auma akanishika mkono, akasema "ero kamano", yaani asante. Alikuwa na macho mekundu. Alisema ni moshi, ila moto ulikuwa umezimwa zamani.

Mimi nilikwenda chumbani kwangu nikalala kabla jua halijazama, viatu miguuni. Sijalala usingizi kama ule tangu nihame kwako.

Uzi haukukatika, Mama. Kuna mwenye hoteli karibu na chuo cha Bondo aliyeagiza kwao kupitia ukurasa ule, naye ananitaka nimjengee wake. Na juzi nilikuwa Port Victoria kumpigia picha mama mmoja mchuuzi wa dagaa, anayejua uzito wa gunia kwa kulisukuma kwa goti. Safari hii nimeandika neno "samaki" kwenye mstari wa kwanza. Sirudii somo.

Jambo la mwisho kuhusu Obunga. Ulikuwa ukiniuliza, na nadhani watu wa kanisani wanakuuliza wewe, ofisi ya Wakesho iko wapi. Nami nilikuwa sina la kujibu. Wiki iliyopita nilipita pale nikamkuta mchoraji amerudi. Chini ya ile anwani nyekundu akina mama walimwambia aongeze mstari mmoja mdogo, na walikubaliana bila kuniambia. Umeandikwa hivi: Fundi, Nyar Taita. Na mshale umeelekezwa kwenye ile ndoo ninayokalia. Wakiuliza tena, waambie ofisi ya mwanao iko ukutani Obunga, na kiti chake ni ndoo, na kuna watu huja kuitafuta.

Kwa hiyo jibu la Voi ni hapana. Mwambie Mjomba nashukuru, nasema kwa moyo, kwa sababu alihangaika kunitafutia na hakulazimika. Mwambie kiti ni kizuri, ila kina jina la mtu mwingine. Kama bado kiko wazi, binti wa Mama Mghoi jirani yetu anaandika vizuri na anapenda hesabu. Na wewe, Mama, safari ijayo nikipiga simu, usinyamaze. Hata ukinigombeza, nigombeze wewe mwenyewe.

Nisalimie Nyanya, mwambie nikija nitavaa viatu vile vinavyolia ili anijue tangu getini. Nisalimie Kaka Mwakio na mkewe, na mwambie sina kinyongo leo, labda kesho. Nisalimie Mama Mghoi kwa kukuchotea maji siku goti linapokaza, na wenzako wote wa kwaya ya akina mama, hasa yule wa sauti ya tatu anayetangulia siku zote.

Katoni inayokuja na barua hii nimeifunga mwenyewe, basi litaiangusha Voi. Ndani kuna migongo iliyokaushwa, akina mama wameitoa kwa mkono wao, kila mmoja mgongo mmoja, na Mama Otieno miwili. Ichome kidogo juu ya makaa au ikaange kwa mafuta moto sana, kula na sima, na usimpe mtoto. Huo mnene kuliko yote ni wa Mjomba. Akikuuliza ni mifupa gani hii umemwekea, mwambie jina lake. Na akikuuliza tena mimi nafanya kazi gani, mwambie jina lake pia.

Ni mimi mwanao,
Wakesho, fundi